Lori Lililoishiwa Pumzi Nyumbani

Wiki hiyo yote dereva aliyeitwa Bonge alikuwa akiamka na kukuta lori lake halina pumzi. Jioni aliliacha kando ya nyumba yake likiwa zima, matangi ya hewa yamejaa, mishale ya geji imesimama juu. Alfajiri akipanda, mishale yote imelala. Na lori kubwa lisilo na hewa ni sawa na jabali: hewa ndiyo inayoziachia breki, ikikosekana springi nzito zinabana magurudumu, na hata msukume mtaa mzima halisogei. Basi ikambidi aliwashe na kuliacha lingurume palepale mpaka kompresa ijaze matangi upya, moshi ukiingia madirishani mwa watu.

Tajiri wake, mwenye lori, alichoka kusikia mizigo imechelewa.

“Likiendelea hivi litalala yadi,” alimwambia. “Na wewe ulale nalo.”

Yadi ilikuwa upande wa pili wa mji. Mke wa Bonge alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, miguu imemvimba, hata kuinama kuvaa kandambili ni kazi. Bonge hakutaka kulala mbali naye. Akalipeleka lori kwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, fundi ambaye gereji nzima ilimwita Sikio, kwa vile alikuwa na tabia ya kulisikiliza gari kabla ya kuligusa.

“Shemeji, hili gari linanitesa.”

“Linakutesa au unalitesa?” akauliza Sikio, huku anajifuta mikono. “Haya, zima tulisikilize.”

Akazunguka na ndoo ya maji ya sabuni na kipande cha sponji, akipaka kila kiungo cha bomba, kila valvu, kila mpira wa breki. Hewa ikivuja hata kwa tundu la sindano, povu hufura. Halikufura popote. Akamwomba Bonge akanyage breki, akajilaza chini ya chesisi, akasikiliza. Kimya. Wakaliacha lori lilale gereji, na asubuhi mishale ilikuwa bado imesimama juu.

“Gari lako halina ugonjwa,” Sikio akasema.

“Kwako halina. Likifika kwangu linakata roho.”

Mafundi wengine wakacheka. Mmoja akashauri wabadilishe kompresa, yaishe.

“Kompresa inajaza vizuri,” Sikio akamjibu. “Tunalolitafuta ni linalomwaga.” Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Bonge alimjua: shemeji yake akipata swali lisilo na jibu, hata chakula hukisahau. “Gari halijui nyumba ya mtu. Kuna kitu kwako ambacho hapa hakipo. Jumapili nakuja.”

Jumapili mchana akaja, akakaa kwenye usukani mwenyewe, akaliingiza lori kwenye kichochoro cha kando ya nyumba. Kilikuwa chembamba. Upande wa dereva ulikaribiana na ukuta wa jirani kiasi kwamba mlango haukufunguka; ilibidi apite juu ya viti na kushukia mlango wa abiria. Akazima, akapita kama paka, akashuka. Akachungulia ardhi: ilikuwa na mteremko kidogo. Akashangilia moyoni. Mteremko! Huenda bomba fulani linalemewa upande mmoja.

Wakaketi barazani na mke wa Bonge, wakanywa chai, wakasubiri. Kila mara Sikio alinyanyuka kwenda kuangalia geji, na kila mara alirudi ameinamisha kichwa.

“Haujashuka hata unywele,” akasema. “Si mteremko.”

“Unaona?” Bonge akalalamika. “Sasa linaniaibisha mbele yako. Linajifanya zima.”

Mkewe alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli. “Dada,” akasema taratibu, “mbona hata siku ile shemeji yangu alipolileta halikuisha hewa?”

“Shemeji yako yupi?”

“Mdogo wake Bonge. Yule mwembamba. Alilirudisha yeye, siku Bonge alipokuwa na homa. Asubuhi akaja akaondoka nalo mara moja, nikashangaa lakini nikanyamaza. Mie usiku silali siku hizi, nasikia kila kitu. Akipaki mume wangu, huwa nasikia kama mtu anamnyamazisha mtoto: shhh. Siku ile sikusikia.”

Sikio akaweka kikombe chini.

“Mbona hukuniambia?” Bonge akamuuliza mkewe.

“Uliniuliza?”

Sikio alikuwa tayari amesimama. “Bonge, panda. Litoe, uliingize tena wewe mwenyewe. Kisha ushuke kama unavyoshuka kila siku. Usibadilishe hata kukohoa.”

Bonge akalitoa, akaliingiza, akazima. Sikio akasimama kwenye mlango wa abiria, shingo ameikunja. Akamwona Bonge akivuta pumzi, akitazama nafasi iliyopo kati ya usukani na tumbo lake, kisha akishika mpini wa chini ya kiti na kukisukuma nyuma, nyuma kabisa, mpaka kikagota. Ndipo akaanza kujiviringisha kuelekea upande wa pili, huku anahema.

Shhh.

“Usiteremke!” Sikio akapiga kelele. “Ganda hapohapo!”

Akapanda, akamruka shemeji yake mguu, akapiga magoti sakafuni na kufunua zulia. Kiti cha dereva kilikuwa cha hewa, kile kinachopanda na kushuka barabara ikiwa mbaya. Kimpira chake chembamba kilitokea sakafuni, na sasa kilikuwa kimevutwa kama kamba ya kuanikia nguo. Karibu na kiungo palikuwa na ufa, umefunguka kama mdomo wa kifaranga. Sikio akakisogeza kiti mbele: ufa ukajifunga, sauti ikakatika. Akakirudisha nyuma: shhh. Mbele, kimya. Nyuma, shhh. Akaendelea kukipeleka na kukirudisha, anacheka peke yake: kumbe gereji, Bonge aliposhukia mlango wake wa dereva, kiti hakikuguswa.

“Kwa hiyo,” Bonge akasema kwa unyonge, “ugonjwa wa gari ni kitambi changu?”

“Kikulacho ki kitini mwako, shemeji.”

Barazani mkewe alicheka mpaka akashika tumbo, wote wawili wakageuka kwa hofu, akawapungia mkono kuwa ni kicheko tu.

“Basi funga tepu,” Bonge akasema. “Kesho nina safari ya milimani.”

Lakini Sikio alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anautazama mshale wa geji ya breki, unavyoshuka.

“Ngoja kwanza. Kwa nini kiti kinakunywa hewa ya breki?”

“Hewa si ni hiyohiyo?”

“Ni hiyohiyo, lakini katikati kuna valvu ya ulinzi. Hewa ikipungua, valvu inafunga: kiti kikose, honi ikose, breki zipate. Yako haifungi. Mpira huu ungekatika ukiwa kwenye mteremko, breki zingekubana zenyewe katikati ya kona, na mzigo uko nyuma.”

Bonge alimtazama mkewe kule barazani, kisha akautoa ufunguo na kumkabidhi shemeji yake.

Jumatatu tajiri alikuja gereji uso umemwiva, anataka kujua kwa nini lori halijatoka. Sikio hakubishana. Alimwekea kiganjani ile valvu aliyoifungua: ndani imeganda mafuta meusi, mazito kama lami, pistoni yake imekwama wazi. Akampa bisibisi ajaribu kuisukuma mwenyewe. Tajiri akasukuma, akashindwa.

“Weka mpya,” akasema. “Na huo mpira wa kiti, weka mrefu.”

Kuhusu kulala yadi hakusema tena, na jioni Bonge akalirudisha lori kichochoroni kwake.

Jumanne alfajiri Bonge alitoka ndani na viatu mkononi, asimwamshe mkewe aliyekuwa ndiyo kwanza ameupata usingizi. Alipofungua mlango wa abiria nusura aanguke. Shemeji yake alikuwa amekaa ndani, koti mabegani, macho kwenye geji.

“Shemeji! Umefuata nini huku saa hizi?”

“Nilitaka tu kuona,” Sikio akasema, bila kugeuza kichwa. Mshale ulikuwa umesimama juu. “Washa, twende. Utanishushia gereji.”