Mbuzi Aliyekuja Kutufariji

Kiharusi kiliniachia mdomo mzima na mkono wa kushoto uliolala. Waulize watu wa nyumbani kwangu Msalato, watakwambia wangependelea iwe kinyume chake.

Walinileta kwenye kituo cha mazoezi ya viungo, Nkuhungu, na William, kijana anayetufanyisha mazoezi, akanipa sharti moja. Siku nitakayoshika kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto na kukimaliza, ndiyo siku nitakayorudi nyumbani. Nilitaka kurudi kuliko kitu chochote duniani. Jenifa, mke wa mwanangu Yotham, alikuwa ameshika jiko langu, na habari zilizonifikia ni kwamba anatia karoti kwenye mlenda. Usiku naota karoti.

Lakini mkono ulikataa. William alinipa kimpira chekundu nikibinye. Mimi nimelima, nimezaa, nimezika mume, sikuona kwa nini nikae mbele za watu nabinya kimpira. Kila asubuhi aliniambia, "Bibi Dorkasi, jitahidi kidogo," nami nikamwambia ajitahidi yeye.

Ndipo wakaja watu wa kujitolea. Waliongozwa na dada mmoja wa Bukoba, Evodia, mtumishi wa wizara huko Mtumba, mpole kupita kiasi, ambaye Jumamosi zake aliamua kuwapa wagonjwa. Alisema wanyama huwasaidia wagonjwa kupona. Mara ya kwanza alileta mbwa. Wagonjwa ambao hawakuwa wametembea tangu Pasaka walitembea siku hiyo, wote kuelekea mlangoni. William alifurahi sana, Evodia akalia.

Jumamosi iliyofuata alileta mbuzi. Alikuwa beberu mweupe aliyehasiwa, amevalishwa fulana ya kijani. Walimwita Tabasamu, ingawa uso wake ulikuwa wa karani aliyeamshwa usingizini. Evodia alimwingiza ukumbini kwa kamba, akamsimamisha mbele yangu, nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu, na mbele ya Mzee Matonya, mfugaji ambaye naye kiharusi kilimpiga upande wa kushoto.

"Shikamooni," alisema. "Huyu amekuja kwa ajili yenu. Mshikeni, msiogope."

Tukatazamana. Kwetu, mgeni wa heshima huletewa mbuzi akiwa hai, amwone, amshike, aridhike, ndipo mbuzi apelekwe nyuma ya nyumba. Mtu akikuletea mbuzi kwa kamba na kukwambia amekuja kwa ajili yako, hakuna maana nyingine. Machozi yalinilenga. Pale kituoni tulikuwa tunakula maharage, na kesho yake maharage.

"Marahaba, mwanangu, na ahsante sana," Mzee Matonya alisema. Kisha akaninong'oneza, "Mama Yotham, mpime kiunoni."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Ndivyo William alivyofanya kila siku, ili ule mvivu ukose wa kuutegemea. Nikauinua huo mvivu. Ulipanda kwa kutetemeka, ukatua mgongoni kwa Tabasamu, na vidole vikaenda vyenyewe pembeni mwa uti wa mgongo, vikabinya.

"Mifupa," nilisema.

Mzee Matonya akapapasa kidari. "Mifupa mitupu. Bado kabisa."

Evodia alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. William alitupiga picha kwa simu.

Tangu hapo tukaanza kumnenepesha. Tulimfichia ugali, maganda ya viazi na karanga nilizoletewa na Yotham, tukamlisha kwa hiyo mikono mibovu maana mingine ilikuwa imefungwa. Kila Jumamosi tulimpima upya. Wageni wakija, Evodia aliwaonyesha tunavyompapasa yule mbuzi, akawaambia hayo ndiyo mapenzi. Mimi nilikuwa nahesabu mafuta.

Hatimaye akatangaza kwamba Jumamosi inayokuja ni sherehe ya Tabasamu, na ndugu zetu waje. Nilimwagiza Jenifa alete sufuria kubwa, chumvi na ndimu. Mzee Matonya akamwagiza mwanawe kisu.

Siku ikafika. Evodia alileta keki, na Tabasamu alivalishwa kofia ya karatasi. Jenifa akaingia na sufuria kichwani.

"Dada, hiyo ya nini?" Evodia aliuliza.

"Ya supu."

"Supu ya nini?"

Jenifa akamwelekezea mbuzi kwa midomo.

Evodia akapiga yowe na kuachia kamba. Tabasamu akatimua mbio kuelekea mlangoni, na kamba ikapita miguuni pangu. Nikainama, nikaidaka. Wengine wanasema mbuzi ndiye aliyenishika mimi, lakini wao hawakuwa kwenye kiti cha magurudumu. Tulivuka ukumbi mzima, tukaangusha keki, tukakwama kwenye nguzo ya mlango.

"Mwachie, bibi!" William alipiga kelele.

"Simwachii. Nimemnenepesha mwenyewe."

William akaja, akainama, akautazama mkono ulioshika kamba. Ulikuwa wa kushoto. Ilibidi avifungue vidole kimoja kimoja, na alikuwa anacheka. Akaagiza uji papo hapo. Nilikishika kikombe, nikanywa mpaka nikauona mwisho wake, kisha nikamrudishia William kikombe kitupu.

Tabasamu hakuchinjwa. Evodia alimkumbatia shingoni mpaka tukaona aibu, na Mzee Matonya akala keki ya sakafuni, akasema inalika. Mimi nilirudi Msalato, nikashughulikia suala la karoti.

Siku hizi kila Jumamosi nami naenda kujitolea, na fulana ya kijani ninayo, sawa na ya mbuzi. Juzi tulimkuta mgonjwa mpya, mwalimu Ebenezer, mkono umelala mapajani na wala hautazami. Evodia alimpelekea Tabasamu, akamweleza kwa upole kwamba huyu ni rafiki na amekuja kumfariji. Mwalimu akageuzia uso ukutani. Nikasubiri Evodia aende kwa wagonjwa wengine, nikamwinamia sikioni.

"Mwalimu, anachinjwa Jumamosi ijayo," nikamwambia. "Hebu mpime kiunoni, uniambie kama amenona."

Kidole kimoja kikasogea.