Uzito Kabla ya Sakafu

Jirani wa ghorofa ya chini, ambaye jengo zima humwita Redio kwa sababu hana swichi ya kumzima, anasema alikuwa anaosha vyombo pale mtu alipodondoka kutoka darini. Alikuwa mtu wa kijani, urefu wa kijiko cha chai, kichwa cha mraba, mkono mmoja. Alipita katikati ya sahani bila kuivunja, akapita kwenye beseni bila kulitoboa, akazama sakafuni. Redio hajakaa sawa, huyo tena darini, anadondoka. Salamu hakutoa. Redio anasema alipofika kwenye masufuria alikuwa ameshamzoea, akawa anampisha tu, kama unavyompisha paka.

Watu husema Redio huongeza chumvi. Safari hii hakuongeza. Mtu yule alikuwa wa Shangazi wa ghorofa ya juu, na alidondoka kwa sababu Shangazi alimpa uzito kabla ya kumpa sakafu.

Huyo Shangazi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo. Walianza kumwita Shangazi watoto wa kaka yake, akafuata muuza duka, wakafuata wazee wenye mvi, na mwisho hata yeye akawa anaitika kama mtu mwenye miwani. Alipomaliza shule ya msingi, kaka yake alimchukua aje amlelee mtoto wake wa mwisho, kwa maneno haya: "Huyu akianza shule, mdogo wangu, na wewe unarudi shule." Mtoto huyo sasa alijua kuzidisha na kugawanya, na alikuwa akimsahihisha Shangazi.

Kompyuta ilikuwa ya kaka, ile ya zamani iliyobaki kazi ya kuzuia dirisha lisipigwe na upepo. Shangazi aliitoa dirishani akaweka tofali. Kila mchana, nguo zikiwa kambani na watoto shuleni, alitazama kwenye simu masomo ya mwalimu mmoja anayewafundisha wasiojua kitu kutengeneza gemu. Alijiona anafaa, maana kwa kutojua kitu hakuwa na mpinzani. Alikuwa amepanga gemu yenye mji mzima, farasi, mvua na vita. Baada ya michana mingi akapata boksi la kijani lenye miguu miwili na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unasubiri apate nafasi. Akamwita Kiboksi. Somo la kwanza lilikuwa uzito. Alimpa Kiboksi uzito, akaridhika, akaenda kuanua nguo.

"Hodi!" Redio alipanda na povu mikononi. "Shangazi, mtu wako ananipitia kwenye vyombo."

"Samahani, dada. Hajapata sakafu bado."

"Mpe basi! Hata kuku ana sakafu."

"Sakafu ni somo la pili."

"Sasa unangoja nini, nimalize kuosha?"

Siku hiyohiyo Shangazi akamwandikia Kiboksi sakafu, nayo ikashika. Na kwa kuwa mwoga akifanikiwa hupitiliza, akamzungushia na kuta pande zote, ngumu, bila nafasi hata ya sisimizi. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa amesema wasisahau kuacha mlango. Mlango wenyewe, alisema, ungefundishwa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa maktaba, bure, kwa kila anayeanza. Maktaba ilionekana kutoka dirishani kwa Shangazi, pale penye tofali.

Kesho yake Shangazi alibeba mfuko wa takataka kuupeleka jalalani, akagonga pua. Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamepita hapohapo na mabegi yao, wifi yake amepita na mkoba. Lakini kwake yeye hewa ya mlangoni ilikuwa ngumu kama ubavu wa friji. Alijaribu kwa bega, akajaribu kinyumenyume, akaweka mfuko chini, akaenda kuloweka nguo.

Jambo hilo lilijulikana takataka ziliponuka.

"Wifi, mbona mifuko imejaa hapa?"

"Siwezi kutoka, wifi. Mlangoni pamekuwa pagumu."

Wifi yake akapitisha mkono mlangoni, ukapita. Akamshika Shangazi akamvuta, Shangazi akagota.

"Eh," akasema wifi. "Na sabuni nayo imeisha. Nani atakwenda dukani?"

Seremala akaitwa. Alipima fremu, akafungua na kufunga, akatia mafuta bawaba ambazo hazikuwa zinalia. "Mlango mzima," akasema. "Mbovu ni huyu." Akakusanya vifaa vyake, akatoka bila shida.

Kaka aliporudi kazini alikaa na Shangazi sebuleni akaongea naye kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, asiyempandishia mtu sauti.

"Usijali, mdogo wangu. Takataka nitatoka nazo mimi asubuhi. Sabuni wifi yako atapitia. Kwani kwingine ulikuwa unakwenda wapi?"

Shangazi akafikiri, apate japo pa uongo. Akapata jalalani na dukani.

Hata hivyo aliamini kosa ni lake, na tusifichane, alivimba kichwa kidogo. Katika wote walioanza, nani mwingine ameandika ukuta mgumu mpaka ukatoka nje ya kompyuta? Aliwaza huenda mwalimu akamtolea mfano. Mchana alikaa akafuta mistari ya kuta, akafuta na ya sakafu asibakize kitu. Kiboksi akadondoka. Chini Redio akapiga ukelele: "Shangazi! Nina maziwa jikoni!" Shangazi akaenda mlangoni akatanguliza mkono. Pagumu vilevile. Akagonga kwa vidole, pakaitika kama jana. Ukuta ule haukuwa kazi yake hata kidogo. Na kwa kweli ulikuwa umejengwa vizuri mno kuwa wa mtu aliyeishia somo la pili.

Akarudi mezani, uso chini, akampa Kiboksi sakafu na kuta zake.

"Fundi," akasema Kiboksi, ambaye alimwita hivyo kwa kejeli, "mkono nimekusamehe. Mlango uko wapi?"

"Mlango ni Jumamosi."

"Basi nenda Jumamosi."

Shangazi akamweleza kwamba somo la mlango linafundishwa nje. Kiboksi akatembea kushoto mpaka mwisho, akarudi kulia mpaka mwisho.

"Ama kweli nimepata fundi," akasema.

Jumamosi ilipofika alikwenda Redio kwa niaba yake, akiyahurumia maziwa na vyombo vyake. Aliporudi alisimulia kwanza viti, kisha feni, kisha mwalimu, ambaye ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye simu.

"Nikawaambia habari za mtu wako kudondoka. Wakacheka ukumbi mzima! Wanasema kila anayeanza huangusha mtu. Kuna bibi mmoja wa kwake hajatua mpaka leo."

"Na mlango, dada?"

"Mlango rahisi. Mlango ni ukuta ulioambiwa umpishe mtu. Unautajia nani apite, basi. Ila anayeuambia ni mwenye ukuta." Akafuta jasho. "Na wamesema wiki ijayo uje mwenyewe. Elimu haitumwi kama sabuni."

Shangazi akaandika. Alikosea, akarudia, akakosea kwa namna nyingine, akahesabu hayo kuwa maendeleo. Mwisho ukuta ukampisha Kiboksi. Alitoka nje ya kioo, akashuka kwa mguu wa meza, akakatiza sebule, akapita chini ya mlango mkubwa, akaketi kwenye ngazi akiota jua. Hakuaga. Kuaga kulikuwa hakujafundishwa.

Ijumaa asubuhi, wifi na watoto wakiwa wametangulia, kaka alikaa kwenye kiti cha mlangoni kuvaa viatu. Mfuko wa takataka ulikuwa kando yake, Shangazi ameshaufunga fundo.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu."

"Uambie mlango unipishe. Kesho asubuhi tu, saa za darasa. Nguo zote nazifua leo, na mchana nitakuwa nimerudi."

Kaka akafunga kamba za kiatu cha kulia. Akafunga za kushoto, akazifungua, akazifunga tena vizuri zaidi. Akatazama saa. Kisha akachukua mfuko wa takataka, akatoka, na kwenye ngazi akainua mguu kumruka Kiboksi, taratibu, asimkanyage, maana alikuwa mtu mpole.