Askari Aliyekuja Msibani

Siku tuliyomzika kaka yangu Damiano kule Litapunga, watani wetu Wanyamwezi walifanya vituko vyao kama kawaida. Sisi Wafipa tumewazoea. Mmoja alilala kaburini akagoma kutoka, mwingine akavaa koti la marehemu na kuchechemea kama yeye.

Kwa hiyo mchana, tukiwa tunakula, alipoingia mtu mwenye sare za polisi na pingu mkononi, sikushtuka. Aliikagua pikipiki ya marehemu, akasema ina kesi, akataka kadi na funguo. Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Hata wifi yangu Pelagia, mjane mwenyewe, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akampa funguo. Pikipiki ikagoma kuwaka. Wanaume wakaisukuma mpaka ikawaka, naye akatupigia saluti, akaondoka.

Jioni nikamfuata Kassiani, mkubwa wa watani.

“Mtani, inatosha sasa. Mwenzenu arudishe pikipiki.”

Akaacha kutafuna. “Mwenzetu yupi?”

“Yule polisi.”

“Sisi tulijua ni wa kwenu.”

Kesho yake, kituoni, askari wa kweli aliweka kalamu chini akanitazama.

“Mtu anachukua mali ya mjane mchana kweupe, nyie mijitu mizima mnacheka. Hakuna hata mmoja aliyemsimamisha?”

“Mimi nilimsimamisha,” nilisema.

“Ukamwambia nini?”

“Asubiri nimfungie wali wa njiani.”