Chupa ya jus mu kilio

François aliposema « encore », tena, mara ya tatu, mikono yangu ilikuwa imechoka kujipiga ku kifua. Ni eye njo anakamata filme ya maisha ya mujukulu wangu Abigaëlle, ule mwimbaji bantu bote banamujua. Sura yake iko mpaka ku chupa za jus. Kampuni ya ile jus njo inalipa filme. Basi balikuya kutengeneza tena kilio, matanga ya mama yake, mu lupango yangu, kiwanja ya nyumba, hapa Kapata. Balitandika mikeka, balitundika foto ya Bilonda, mutoto wangu, ule udongo ilifunika mu shimo ya kuchimba mawe. Abi alikuwa na myaka kenda. Aliona yote, na tangu ile siku hakuliaka hata kidogo. Anaimbaka tu.

« Mama, lia kama siku ile, » François anasema. « Na we Abi, kamata chupa, jina ya jus ionekane muzuri. »

« Tata, ku kilio ya Bilonda tulikunywa maji ya ndoo. »

« Ni filme, mama. »

Nikalia tena. Mara ya ine. Abi, macho makavu, anashika chupa yake. Ningebafukuza tangu asubuhi, lakini eye mwenyewe aliniomba, mi mama ya mama yake: « Kambo, nisaidiye. Pengine nikiona ile siku tena, machozi itatoka. »

Pale mulango ya lupango ikafunguka. Mama Odile, jirani wetu, anaingia mbio, kitambala mu mukono, beseni ya bunga ku kichwa. Alisikia sauti yangu, akazania Abi amekufa kule Kinshasa anaishi.

« Abi wangu ee! Ule nilikuwa nabeba ku mugongo! Nani atacheka tena miguu yangu mikubwa? »

Akajitupa chini, bunga yote ikamwangika. Kiisha akainua macho: Abi anasimama pale, muzima.

« Mama Odile... ni mi. »

« We mutoto mubaya! Unataka kuniua? » Akamupiga kofi ku bega, akamukumbatia. Njo Abi akaachilia chupa. Akalia. Alikuwa anaita mama yake, na sauti ya mutoto wa myaka kenda.

François anaruka: « Superbe, muzuri sana! Lakini chupa ilianguka. Encore! Mama Odile, rudia mu njia, uingie tena na bunga. »

« Bunga gani? » Odile akamuuliza. « Hii iko chini, we njo uliilima? »

Abi akaniangalia. « Kambo, siwezi mara ya pili. »

Nikakamata fagio. Kwetu, siku kilio inamalizika tunafagia lupango, na kiisha kufagia hakuna mutu wa kulia tena. Nikafagia bunga, nikafagia mikeka yao, nyuzi zao za umeme. Abi akatafuta fagio ya pili.

« Mama, ngoja kwanza, » François akasema, sauti ndogo. « Chupa haiwezi kusimama hata karibu ya fagio? »

Abi akafagia na chupa pia.