Fundo la Furushi

Dada alirudi kazini akaketi bila kuvua viatu. Nikamvua mimi, nikaanza kumkanda miguu. Yeye ni dobi wa hospitali. Mashine ya kuchemshia mashuka ilikuwa imeharibika, na msimamizi aliamuru yasuuzwe tu kwa maji baridi, kisha yarudi wodini na madoa yake. Dada alikuwa amepiga picha ya furushi moja. Alitaka gazeti liione, lakini asijulikane, maana kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

"Tumia mtandao wa kuficha," alisema kaka, ambaye ni fundi wa kompyuta. "Ujumbe unapita kwenye kompyuta tatu. Ya kwanza inajua ulikotoka, haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako, haijui ulikotoka."

"Na ya katikati?" dada aliuliza.

"Haijui kitu."

"Kama mume wa jirani. Wenye hizo kompyuta ni nani?"

"Watu tu, wanajitolea. Siwajui, dada. Ndivyo inavyotakiwa."

"Wewe chaja yako humwazimi mtu usiyemjua, leo mimi unanikabidhi kwa watatu."

Kaka alicheka, halafu akaacha. "Mtandao utaficha ulipo. Ulichosema hauwezi kukificha. Kwa hiyo usitaje jina wala zamu."

Dada alifumba macho. "Tuma. Nimechoka kubeba."

Kaka alifuta kila kitu kilichojificha ndani ya picha: tarehe, mahali, aina ya simu. Akatuma.

Gazeti lilipotoka nililiona chuoni, nikaikazia macho ile picha. Furushi lilikuwa limefungwa masikio mawili yamelazwa upande mmoja, ncha imechomekwa chini, kama mama alivyotufundisha. Pale kwa dada kila dobi ana fundo lake, ili furushi likirudishwa ijulikane ni la nani. Kaka asingelitambua fundo hilo. Hajawahi kubeba furushi.

Jioni dada aliingia polepole, akaegemea mlango.

"Wamekufukuza?" niliuliza.

"Bado." Akakaa sakafuni. "Msimamizi aliweka gazeti juu ya meza ya pasi, akauliza furushi la nani. Yeye mafundo hayajui. Wenzangu wakatazama picha, kisha kila mmoja akatazama mikono yake."

"Wakasemaje?"

"Mama Sabuni ndiye aliyejibu."

Nilishtuka. Mama Sabuni na dada walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie likizo.

"Alisema, 'Bosi, shuka ni shuka, sisi tunafunga tu.' Akaondoka. Baadaye akaja kwenye rundo langu, akafungua mafurushi yangu yote, akayafunga upya kwa fundo lake. Akaniambia, 'Jifunze kufunga kama watu.'"

Kaka aliinamisha kichwa. "Basi wanajua wote."

"Wote. Zile kompyuta zako angalau hakuna hata moja inayojua yote. Hawa wanajua yote, na kesho nitakula nao meza moja."

"Na mashine?" nikauliza.

"Eti fundi anakuja."

Alivuta khanga begani, akaitandaza, akaanza kujifunza fundo la Mama Sabuni. Mara mbili vidole vilirudi kwenye lile la mama, na mara mbili akalifungua. Nikasogea, nikamshikia ncha.