Jina Lililobaki Kwenye Sanduku la Kungoja

Kwenye ukuta wa sekretaria yangu, kibanda cha kuchapa na kutuma barua pepe hapa Kindu, nimebandika karatasi ya maonyo. Usimwambie mtu neno lako la siri, hata mimi. Usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua. Barua ya hatari ifute, kisha ubane folda, maana kufuta peke yake ni kuhamisha takataka kutoka sebuleni kwenda jikoni. Nimeyaandika kwa herufi kubwa na hakuna anayeyasoma. Watu huingia wakitangaza maneno yao ya siri kama wauza mkate.

Asubuhi hiyo nilikuwa na Papa Sumaili, mwalimu mstaafu, aliyekuja na kompyuta yake akidai programu ya barua pepe imelogwa.

"Mama Bibiche, inakatala kufunguka. Modepasi njo Sumaili na mwaka nilizaliwa, jaribu mwenyewe."

"Papa, nani alikuuliza neno lako la siri? Sasa watu wote hapa wanaijua!"

Uchawi wenyewe ulikuwa barua elfu sita. Mzee hajafuta hata moja, na programu ilikuwa inajikokota. Nikamwambia afute za zamani, abane folda, ataona itakavyopumua. Akasema hawezi kufuta barua bila kuisoma mara ya mwisho, akaanza ya kwanza kabisa, taratibu, kidole kikifuata mstari. Nilitaka kumfukuza.

Hapo akaingia mwanamke kijana, amebeba begi la safari lenye kibandiko cha uwanja wa ndege.

"Samahani, njo wewe Mama Bibiche wa ile mradi ya muchele?"

Ule mradi ulifungwa zamani. Nikamwuliza yeye ni nani.

"Mimi njo Malaika. Nimetoka Kinshasa. Mama yangu njo Sofia, muke ya Twaibu."

Nikavuta kiti, nikakaa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikiomba mtu wa nyumba hiyo asinitafute.

Akatoa karatasi ndani ya plastiki. Ilikuwa nakala ya barua pepe ambayo mama yake aliituma Machi 2001 kutoka ofisi ya kaka yake. Sikuhitaji kuisoma. Sofia alikuwa amekwenda Kinshasa katikati ya mwaka 1998 kumuuguza kaka yake huyo, akiwa na mimba ya miezi mitatu, na vita vikafunga njia nyuma yake. Mtoto akazaliwa huko. Kwao, Waislamu wa mji huu, baba ndiye anayetoa jina, siku ya saba. Sofia alikataa katakata kumpita mumewe. Akangoja siku ya saba, akangoja mwaka, akangoja wa pili. Barua ilisema: Tuna mutoto wa kike. Namwita malaika tu, nangojea jina lako.

"Mama alingoja," akasema Malaika, "na mimi nikabakia na ile ya kungojea. Kwenye karatasi za serikali iko vile vile. Sasa Mama anagonjwa. Kila siku ananiuliza: baba yako alijibu ao hakujibu? Alijua kama uko?"

Nilijua jibu la swali hilo. Ni swali lililokuwa likija nyuma yake nililoliogopa.

Wakati wa vita nilikuwa sekretari wa ule mradi. Nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili: sisi upande wa waasi, Kinshasa upande wa serikali, na kati yetu hakuna barabara, hakuna simu. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja na simu ya satelaiti, iliyounganishwa Jumanne na Ijumaa, saa moja tu. Siku nyingine barua zililala kwenye sanduku la kungoja ndani ya kompyuta. Watu waliponiomba niwaandikie jamaa zao, niliandika. Lakini barua ya kwenda Kinshasa ilikuwa barua ya kwenda kwa adui, na mtu aliweza kufa kwa "habari gani" na "tuko wazima".

Twaibu alikuwa akipeleka chumvi Pangi kwa baiskeli. Alikuja Jumatano, akaisoma barua ya mkewe amesimama, akacheka, kisha akalia mbele ya watu bila aibu. Akaniambia andika. Alitoa jina la nyanya yake wa upande wa Kibombo. Nililikosea mara mbili. Akanitajia herufi moja moja, naye anatabasamu, na mimi nikamwambia: "Papa Twaibu, harakisha, watu wanangoja." Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Mungu anisamehe.

Alhamisi, Henri, mlinzi wetu, aliingia mbio. "Mama Bibiche, wale watu ya usalama wanakuja! Wanatafuta barua za Kinshasa!"

Nikafuta zilizoingia. Nikafuta zilizotumwa. Kwenye sanduku la kungoja kulikuwa na barua kumi na moja, na juu ya kila moja jina la mtu mwenye watoto. Nikazifuta pia. Kisha nikabana folda zote, kama kitabu cha maelekezo kilivyosema, ili hata fundi asizipate. Walipobisha mlango kazi ilikuwa imeisha. Waliipekua mashine mpaka jioni wakaambulia hesabu za mchele. Hakuna aliyepigwa kwa sababu ya barua zangu. Hilo najivunia mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake Twaibu alisimama mlangoni na baiskeli imeshapakiwa.

"Imeenda?"

Askari mmoja alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. "Imeenda, Papa," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipanga kumwambia ukweli akirudi, tuandike upya. Hakurudi. Baada ya mwezi watu wa njia ya Pangi walileta habari kwamba wamemzika huko. Simu ya satelaiti nayo ilikuwa imefungwa. Jina sikuliandika popote, maana karatasi ziliogopesha kuliko risasi. Nilijiambia kichwa kinatosha. Wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Mstari wa barua pepe ulipofunguliwa tena, baada ya mwaka mmoja na zaidi, anwani ya kaka yake Sofia ilikuwa imekufa, na nilipolitafuta lile jina kichwani halikuwepo.

Yote haya nilimwambia Malaika. Papa Sumaili alikuwa ameacha kusoma.

Malaika hakunitukana. Aliuliza tu: "Na ile mashini iko wapi?"

Ilikuwa chini ya meza. Mradi ulipofungwa waliniachia, na siku zote hizi naweka miguu juu yake.

"Haina kitu, mutoto wangu. Niliifuta mwenyewe."

"Jaribu tu, Mama."

Nikaifungua kwa bisibisi, nikatoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nilitaka ife hapo hapo, na nilitaka iwake. Ikawaka. Sanduku la zilizoingia: sifuri. Zilizotumwa: sifuri. Nikafungua la kungoja, na mistari kumi na moja ikajipanga kwenye kioo.

Nilisahau jambo ambalo leo namfundisha kila mteja. Programu ile huweka barua mahali pake, na orodha ya barua mahali pengine. Nilichoma barua, orodha ya sanduku hilo ikabaki kwenye faili ambalo hata wale watu wa usalama hawakulifungua. Mstari wa saba ulikuwa na anwani ya kaka yake Sofia, tarehe 14 Machi 2001, na kichwa cha habari nilichokiandika kwa vidole vyangu: Jina la mutoto.

Malaika alifunika mdomo. "Alijibu," akasema. "Alijibu siku ile ile alisoma barua!"

"Fungua basi," akasema Papa Sumaili kwa sauti ndogo.

Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka mweupe. Nikabonyeza tena. Nikaijaribu programu nyingine, nikalifungua faili lenyewe lilivyo, nikatumia kila ujanja ninaotoza watu pesa. Mweupe.

"Ilikuwa jina gani, Mama? Hata herufi ya kwanza."

Nilifumba macho. Niliona meno ya Twaibu, niliona vumbi la njia kwenye viatu vyake, nilimsikia akitaja herufi, na herufi zenyewe hazikuwa na sauti. Likanijia wazo la kusema Zaituni. Lingemfaa. Nani angejua? Alikuwa ameinama kunielekea, tayari kupokea, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Sikumbuki," nikasema. "Sikumbuki, mutoto wangu. Ningekuwa nakumbuka ningekupa."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaomba nimchapie ule ukurasa, na mashine ikatoa karatasi yenye mstari mmoja juu na hakuna kitu chini. Alikwenda nayo hadi barazani akapiga simu, akaweka sauti kubwa maana mama yake hasikii vizuri siku hizi.

"Mama! Papa alijibu! Niko na karatasi mukononi. Tarehe kumi na ine, siku ile ile alisoma barua yako!"

Kule upande wa pili mtu alilia na kumshukuru Mungu, kwa muda mrefu. Papa Sumaili alijifuta macho na kofia yake. Kisha sauti ya Sofia ikarudi, nyembamba, ina furaha kama ya mtoto.

"Alisema jina gani?"

Malaika aliitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akarudi ndani, akanipa simu.

"Dada Sofia," nikasema, "njo mimi, Bibiche."

"Bibiche! Sema, dada. Ninasikia."