Kidole Kwenye Nobu

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na hakusingiziwa. Ukimpelekea mguu wa meza, anakuambia kesho. Ukimfuata hiyo kesho yenyewe, anakupokea kwa uso mkunjufu kabisa na kukuambia kesho. Kazi zake zilikuwa safi, hilo hata waliomnunia walikubali. Alikuwa na mashine ya kukatia nakshi, ile yenye msumeno mwembamba kama uzi unaopanda na kushuka, na ubao ukipita mikononi mwake ulitoka ndege, majani, herufi, chochote ulichotaka. Ila ulitoka siku aliyotaka yeye.

Mashine hiyo nayo ilikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Nobu ya kuongeza na kupunguza mwendo ilikuwa imelegea, haishiki mpaka mtu aikandamize kwa kidole. Ukiiachia tu, mota inapandwa na wazimu, msumeno unatimua mbio, na ubao ndiyo umeharibika. Kukata nakshi kunataka mikono yote miwili iwe kwenye ubao. Mtu mwingine angenunua nobu mpya siku hiyo hiyo. Fundi Kesho alimwita mkewe.

"Mama, hebu njoo unishikie hapa kidogo. Kesho nitaitengeneza."

Hicho kidogo kilikula miaka. Mkewe alileta kigoda chake cha jikoni, akakiweka kushoto kwa mashine, na kila alasiri akishamaliza kazi za nyumbani alijifuta mikono na kuingia karakana. "Ongeza," anasema fundi, naye anaongeza. "Punguza," naye anapunguza. Katikati ya maneno hayo mawili waliipitia dunia nzima: jirani aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni, mkwe wao anayekoroma mpaka vyombo vinalia kabatini, bei ya misumari. Mke hakuacha kulalamika, tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Kidole changu kimekuwa bapa kama kijiko, Fundi, kwa uvivu wako!"

Fundi anacheka, anasema kesho.

Binti yao alipopata ujauzito, wazee wakaanza kumtengenezea mjukuu kitanda, ubao wa kichwani ukiwa na ndege watano wamefuatana. Ndege watatu walitoka kama wanataka kuruka. Kwa ndege wa nne mashine ikaanza kuyumba. Mara mbio, mara polepole, na mdomo wa ndege ukatoka umepinda.

"Shika vizuri, Mama! Akili yako iko wapi leo?"

"Nimeshika, Fundi. Ni hii nobu yako, imechoka."

Aliyasema hayo akiangalia pembeni. Mumewe hakumwona, macho yake yalikuwa kwenye msumeno.

"Basi kesho kweli naitengeneza. Si utani."

"Ah, iache," mke alisema upesi. "Si bado inakwenda?"

Siku zilizofuata mashine iliyumba zaidi, na fundi alifoka zaidi. Halafu mke akalala kitandani, na hakuinuka tena.

Baada ya msiba fundi hakuweza kuingia karakana. Ndege wa tano alibaki mchoro wa penseli kwenye ubao, na tumbo la binti lilikuwa limeshuka, siku zake zimekaribia. Binti, aliyekuwa amehamia kwa baba yake ili asikae peke yake, alimwambia yeye atamshikia nobu. Fundi alikataa kwa ukali uliowashtua wote wawili. Kesho yake, na safari hii ilikuwa kesho kweli, alikwenda kwa fundi redio.

"Mzee wangu, hii ni ndugu yake ile ya kuongeza sauti ya redio," fundi redio alimwambia, akimkabidhi nobu mpya na kidude chake cha nyuma. "Unachomoa nyaya tatu kwenye ile ya zamani, unazilehemu kwenye hii, umemaliza. Hata chai haijapoa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ila kabla hujaifungua, iwashe kwanza, usikilize inavyoyumba. Ukishaweka mpya utajua kama ugonjwa umeisha."

Hivyo tu. Njia nzima maneno hayo yalimchoma fundi kama mwiba kwenye soli ya kiatu.

Karakana ilikuwa imelala vumbi. Kutoka kwenye kiti chake asingeifikia nobu vizuri, ikambidi akae kwenye kigoda cha mkewe, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata mara moja. Aliikandamiza nobu kwa kidole, akaiwasha mashine, akasubiri iyumbe.

Haikuyumba. Msumeno ulipanda na kushuka kwa sauti moja iliyonyooka. Akaongeza, ukaongeza. Akapunguza, ukapunguza. Akaiachia nobu, mota ikapandwa na wazimu wake wa siku zote. Akaikandamiza tena, ikatulia. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa miaka yote, haukuzidi hata chembe. Alisikiliza mpaka kidole kikamuuma. Kisha wazo likamjia. Alilegeza kidole kidogo, akakitetemesha makusudi.

Mara mbio, mara polepole. Ilikuwa sauti ya ndege wa nne.

Alizima mashine akamwita binti yake. Binti alikuja akasimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni.

"Mama yako alikuwa anatetemeka mkono?"

"Mimi na mume wangu tukija tulikuwa tunamshikia kikombe, Baba. Ukiwa huku. Hukuona kwamba mbele yako alikuwa hanywi chai?"

"Na mimi hamkuniambia!"

"Alituapisha. Alisema ukijua tu, utaitengeneza hiyo mashine siku hiyo hiyo. Halafu yeye atakuwa hana sababu ya kuja kukaa huku."

"Sababu? Sababu ya nini? Si angekuja tu akakaa!"

"Ulishawahi kumwambia hivyo?" binti aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya.

Fundi aliipekua miaka yote ile, akapata njoo unishikie, akapata ongeza na punguza, akapata shika vizuri na akili yako iko wapi. Njoo tukae hakuipata popote. Hapo alilia, mtu mzima yule, akilia kwa sauti kwenye kigoda cha jikoni, na binti yake akimshika bega.

Chai ambayo binti alimletea baadaye kweli haikuwahi kupoa. Fundi alichomoa waya wa ukutani, akafungua skrubu, akazitoa nyaya tatu na kuzilehemu kwenye kidude kipya, akafunga. Nobu ilizunguka kwa ulaini, na pale alipoiacha ikabaki. Miaka yote ile, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Binti aliinama achukue kigoda, ampishe baba yake apate nafasi.

"Kiache hapo hapo."

Fundi alikaa kwenye kiti chake. Alimpapasa ndege wa nne kwenye mdomo uliopinda. Alikuwa amepanga kumkata upya, lakini sasa asingethubutu kumgusa. Aliuweka ubao sawa kwa ajili ya ndege wa tano, akapanga mwendo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akageukia kushoto na kukipangusa kile kigoda kwa shati lake.

"Njoo ukae, Mama," alisema. "Kaa tu. Leo hakuna cha kushika."